Kasri la Udongo Mwekundu

Ami yangu alikuwa mwashi. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake huko Kilwa Kivinje, enzi ambazo chokaa ya kujengea ilichomwa ufukweni, matumbawe yakipangwa juu ya magogo na moto kuachwa uwake usiku kucha. Nilipokwenda kumuaga kabla ya safari yangu ya Hispania, nikamwambia kwamba nitapata siku mbili za kulitazama kasri la Alhambra katika mji wa Granada, hakuniuliza habari za wafalme wala za vita. Aliniuliza mambo mawili tu: "Limejengwa kwa kitu gani? Na maji yao waliyatoa wapi?"

La kwanza nilimjibu papo hapo, kwa haraka ya mtu anayedhani kwamba amesoma: mawe, ami, mawe na marumaru. La pili sikuwa na jibu. Naandika kurasa hizi kwa sababu jibu langu la kwanza halikuwa kweli, na kwa sababu swali la pili, ambalo mimi nililiona kuwa ni la kifundi tu, ndilo lililonifungulia mlango wa jumba lile.

Alhambra ni matamshi ya Kihispania ya al-Hamra, yaani "nyekundu". Kilima lilipojengwa kinaitwa Sabika. Chini yake unapita mto mdogo wa Darro, na kwa mbali nyuma yake ipo milima ya Sierra Nevada, yenye theluji hata siku ambazo watu wa mjini wanatafuta kivuli. Ukilitazama kasri kutoka ng'ambo ya bonde, katika mtaa wa kale wa Albaicín, huoni nakshi yoyote. Unaona minara minene ya mraba na kuta zilizonyamaza. Na kuta zile kwa sehemu kubwa ni udongo: udongo uliochanganywa na chokaa na changarawe, ukamwagwa baina ya mbao mbili, ukashindiliwa kwa nguvu tabaka juu ya tabaka, kisha mbao zikahamishiwa mbele. Mtu aliyezaliwa katika nyumba ya fito na udongo hawezi kukosa kumtambua ndugu yake.

Aliyeanza ujenzi ni Muhammad bin Yusuf wa ukoo wa Nasr, maarufu kwa jina la Ibn al-Ahmar, aliyeingia Granada mwaka 1238. Tuutazame mwaka huo vizuri. Cordoba, mji mkuu wa kale wa Waislamu wa Andalusia, ilikuwa imechukuliwa na Wakristo wa Castile mwaka 1236. Valencia ilichukuliwa na mfalme wa Aragon mwaka huo huo wa 1238. Mwaka 1246 Ibn al-Ahmar mwenyewe aliutoa mji wa Jaén kwa mfalme Ferdinand III wa Castile, akawa mtu wake, akakubali kumlipa ushuru. Tena akampelekea wapanda farasi wa kusaidia kuuzingira mji wa Sevilla, mji wa Waislamu wenziwe, ulioanguka mwaka 1248. Kwa bei hiyo dola yake ndogo ikaishi miaka mingine zaidi ya 240.

Husimuliwa kwamba aliporudi kutoka Sevilla watu wake walimlaki wakimwita mshindi, naye akawajibu: "Wala ghaliba illa Llah," hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Huenda ni hadithi iliyotungwa baadaye. Lakini maneno hayo yakawa ndiyo alama ya ukoo wake, na katika Alhambra yameandikwa mara nyingi mno: juu ya milango, kandokando ya madirisha, juu ya vichwa vya nguzo, ndani ya ngao zilizochongwa. Kiongozi wa kundi letu, kijana mwenye adabu zake, aliwaeleza wageni kwamba yale ni mapambo ya mistari na maua. Mimi na mama mmoja wa Kimoroko tukatazamana. Herufi zile nilifundishwa chuoni kwa bakora, na sikupata kufikiri kwamba siku moja zingenifaa mbele ya ukuta wa Ulaya. Nilizisoma kwa sauti ya chini, ukuta baada ya ukuta. Mwanzoni niliona unyenyekevu. Kufikia chumba cha tatu nilianza kusikia pia haya ya mtu aliyeitwa mshindi huku akijua alitoka kufanya nini. Sidhani kwamba kimoja kinakifuta kingine.

Sasa nirudi kwa ami. Ndani ya makasri yale marumaru ipo, lakini ni kwenye nguzo, sakafu na chemchemi. Utajiri wote unaotushangaza katika picha, ule unaofanana na lesi iliyotandazwa ukutani, ni jasi. Ni unga mweupe wa bei rahisi, unaokorogwa na maji na kuganda upesi. Mafundi waliuchonga ukiwa mbichi au waliumimina katika kalibu, kisha wakaupaka rangi: buluu, nyekundu, na dhahabu mahali pa heshima. Tunaouona leo ukiwa na weupe wa meno ulikuwa unang'ara kama kanga mpya. Dola iliyokuwa ikilipa ushuru kwa adui haikuwa na fedha za kumwaga katika mawe ya thamani. Ilikuwa na mafundi, na mafundi wakafanya jasi iwe kitu ambacho mawe hayawezi kuwa.

Ukuta wenyewe una mpango ambao mwashi angeuelewa bila ya kuelezwa. Chini, panapoegemewa mabega na kupita maji ya kudekia, ni vigae, kila kipande cha rangi kimekatwa peke yake na kuunganishwa na jirani yake hadi vikawa nyota. Katikati, pasipofikiwa na mkono, ni jasi. Juu kabisa ni mbao. Na vyumba vile havikutengenezwa kwa ajili ya watu waliosimama. Madirisha yako chini, kwa sababu wenyewe walikaa juu ya mito na mazulia. Nilijaribu. Nikakaa sakafuni kwenye kona moja, na ghafla chumba kizima kikapanda juu, vigae vikawa usawa wa macho, na bonde likaingia dirishani. Mlinzi akaniashiria ninyanyuke. Hakunikemea, bali muda ule mfupi ulinifundisha zaidi ya kitabu nilichokuwa nimekipakata.

Chumba kikubwa kuliko vyote kimo katika mnara wa Comares, wenye kimo cha mita 45. Ndimo Sultani Yusuf I, aliyetawala kuanzia 1333 hadi 1354, alimokusudia kupokea mabalozi. Yeye aliketi kwenye uwazi wa dirisha, mwanga ukiwa mgongoni mwake, hivyo kwamba mgeni aliyeingia kutoka uani aliona umbo tu, bila ya uso. Dari ni vipande 8,017 vya mbao vilivyopangwa kuwa nyota, ngazi juu ya ngazi, kuashiria mbingu saba. Na chini ya dari hiyo inazunguka Suratul Mulk, sura isemayo ufalme umo mkononi mwa nani. Yusuf hakupata muda mrefu wa kuifikiri. Mwaka 1354 alichomwa kisu na kuuawa akiwa katika swala ya Idi.

Mwanawe, Muhammad V, ndiye aliyejenga Ua wa Simba, aliporudi madarakani mwaka 1362 baada ya kupinduliwa na kukimbilia Moroko. Hapo pana nguzo 124 nyembamba za marumaru, nyingine moja moja, nyingine mbili mbili, kana kwamba ni watu waliosimama wakizungumza kwa makundi. Katikati wako simba 12 wa marumaru waliobeba bakuli kubwa, na maji hutoka vinywani mwao. Simba hao waliondolewa mahali pao mwaka 2007 wakafanyiwe matengenezo, na ua ulipofunguliwa tena mwaka 2012 sakafu yake ilikuwa imetandikwa marumaru nyeupe. Ubavuni mwa ua kuna chumba kiitwacho cha Dada Wawili. Jina halina mabibi ndani yake. Dada hao ni mawe mawili makubwa ya marumaru yaliyomo sakafuni. Nyanyua macho, na utaona kuba ya mukarnasi, vijipango vya jasi zaidi ya 5,000 vinavyoning'inia kama asali iliyoganda katika masega. Wapimaji wa karne ya 19 waligundua kwamba wingi wote ule umetokana na maumbo saba tu ya msingi, yakigeuzwa na kupangwa upya. Fundi alibeba maumbo saba kichwani.

Kuta za huko zimeandikwa mashairi ya Ibn Zamrak, mtoto wa watu wa hali ya chini wa Albaicín aliyepanda hadi akawa waziri. Chumba kinajisifu chenyewe kwa kinywa chake, na bakuli la simba vilevile. Ni fahari kubwa, lakini tusijifanye kwamba hatujui upande wake wa pili. Ibn Zamrak alishiriki katika kuangamizwa kwa mwalimu wake, Ibn al-Khatib, aliyenyongwa gerezani Fez, na mwishowe yeye mwenyewe aliuawa nyumbani mwake. Na chini ya kilima kile kile yapo mashimo yenye umbo la chupa, shingo nyembamba na tumbo pana, walimokuwa wakishushwa usiku mateka wa Kikristo. Shimo moja bado laonekana katika ngome. Nilichungulia. Ni giza tu.

Tuje kwenye maji. Kilima cha Sabika hakina chemchemi ya kutosha hata robo ya mji ule. Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya chumba chochote cha jasi, ilikuwa kuuendea mto Darro mbali juu bondeni, mahali ambapo kimo chake kinazidi kimo cha kilima, na kuutoa ubavuni mfereji unaotambaa mlimani yapata kilomita 6. Wahispania bado wanauita mfereji wa mfalme. Ukifanya hesabu ya mteremko vibaya hata kidogo, maji yatasimama njiani au yatabomoa kingo. Hakuna anayekwenda Granada kuupiga picha mfereji huo, na mimi naona ndio uliostahili kuitwa ajabu. Birika refu la Ua wa Mihadasi, lipatalo mita 34, ambalo linaupindua mnara wa Comares na kuuweka chini ya miguu yako, ni mtoto wake. Simba ni watoto wake, na hamamu pia.

Juu zaidi, ng'ambo ya korongo dogo, ziko bustani za Generalife, ambalo ni jina la Kiarabu Jannat al-Arif lililosagwa kwa meno ya Kihispania. Ua wake mrefu umepasuliwa katikati na mfereji wenyewe. Vijimkono vya maji vinavyorushwa hewani na kukutana juu, ambavyo ndivyo vinavyouzwa kwenye kila kadi ya posta, viliongezwa baada ya zama za masultani. Wao walipenda maji yaliyotulia, au yenye kunong'ona. Mwaka 1958 moto uliteketeza sehemu ya ua huo, na wachimbuzi walipoondoa majivu na udongo wa karne nyingi walikuta vitalu vya awali chini zaidi ya vya leo, pamoja na matundu ya kunyweshea. Maana yake ni kwamba mtu aliyepita njiani hakuyatazama maua kwa chini ya kidevu chake. Alitembea juu yake kama anayetembea kando ya zulia. Na pembeni, kwenye matuta, palilimwa mboga na matunda ya kuliwa, na pangali panalimwa hadi leo. Bustani ya pepo ilikuwa pia shamba la jikoni.

Iko ngazi moja huko, inayopanda chini ya miti. Haina mkono wa kushikia wa mbao wala chuma. Juu ya kuta zake fupi za pande zote mbili umechimbwa mtaro wa vigae, na maji hushuka humo kwa kasi. Ukiuweka mkono ili ujishike, unashika maji.

Nilipokuwa nimekaa karibu na ngazi ile ndipo nilipomkumbuka Ibn Battuta, na hapa Kilwa inaingia kwa haki yake bila ya mimi kuivuta. Sote tuliosoma historia shuleni tunajua kwamba Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta Sultani al-Hasan bin Suleiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa wingi wa zawadi zake, mtu aliyeweza kuvua nguo zake na kumpa fakiri aliyeziomba. Wasichokikumbuka wengi ni kwamba yapata mwaka 1350 msafiri huyo huyo alifika Granada. Yusuf I alikuwa mgonjwa, hawakuonana. Mama yake Sultani akampelekea mgeni dinari za dhahabu. Ibn Battuta akazisifu bustani za pembezoni mwa mji, akataja mafakiri aliowakuta pale kutoka Samarkand, Tabriz, Konya na Bara Hindi. Kuhusu kasri hakutuachia neno. Mtu aliyeingia katika majumba ya Delhi na Maldivi, lile la Granada lilimpita.

Lakini katika bustani moja ya Granada, walikokusanyika watu wa elimu kumsikiliza, alikuwepo kijana mshairi, Ibn Juzayy, mzaliwa wa mji huo, aliyemtumikia Yusuf kwa kalamu yake. Alivutiwa na hadithi zile, akaandika majina ya watu waliotajwa. Baadaye aliiacha Granada akahamia Fez, na huko Sultani wa Moroko akamwamuru aandike safari za Ibn Battuta kama mwenyewe alivyozisimulia. Kazi ilikwisha mwaka 1355. Basi maelezo yale ya Kilwa ambayo tunayanukuu daima, ya mji mzuri wenye nyumba za mbao na mapaa ya makuti, yaliandikwa na mkono wa mtu wa Granada aliyekulia chini ya kilima chekundu.

Na ajabu ni kwamba, Ibn Battuta alipokuwa Kilwa, juu ya mwamba wa pwani ya kisiwa palikuwa na Husuni Kubwa, kasri la mawe ya matumbawe la Sultani huyo huyo, lenye vyumba zaidi ya mia na birika la pembe nane. Hilo nalo hakulitaja. Karne moja, mabirika mawili, masultani wawili. Birika la Kilwa halikuwa na mlima wa theluji nyuma yake. Kisiwa hakina mto, na maji yalipasa kutoka visimani kwa mikono ya watu. Mikono ya nani? Ibn Battuta anatueleza, bila ya kulaumu, kwamba Sultani yule mkarimu alikuwa akizivamia nchi za Wazanji wa bara na kuchukua ngawira. Tunapoisifia Husuni Kubwa, nami huisifia, tukumbuke kuwa baadhi yetu ni wajukuu wa waliovamiwa, kama vile Mhispania anayejivunia Alhambra anavyoweza kuwa mjukuu wa aliyeshushwa katika shimo lile.

Mwisho wa Granada unajulikana. Tarehe 2 Januari 1492 Sultani Muhammad XII, ambaye Wahispania humwita Boabdil, alizikabidhi funguo kwa Ferdinand na Isabella. Mkataba uliahidi kwamba Waislamu wataachiwa dini yao, misikiti yao na sheria zao. Tarehe 31 Machi mwaka huo huo, humo humo Alhambra, ilitiwa saini amri ya kuwafukuza Mayahudi wa Hispania. Kufikia mwaka 1499 Kadinali Cisneros alikuwa mjini akiwabatiza watu kwa nguvu, na vitabu vya Kiarabu vikachomwa hadharani. Mwaka 1567 zilipigwa marufuku lugha yao, mavazi yao na hamamu zao. Waliobaki wakaendelea kuandika kwa siri, wengi kwa Kihispania kilichovikwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu walivyoandika Kiswahili. Kati ya 1609 na 1614 wakafukuzwa wote. Kwa upande wetu, Vasco da Gama alipita mwaka 1498, na mwaka 1505 Wareno wakaipora Kilwa.

Kasri lilisalimika kwa kuwa waliolishinda walilipenda. Charles V hata hivyo alijenga lake ubavuni kuanzia mwaka 1527, jumba zito la mraba lenye ua wa duara, ambalo lilikaa karne nyingi bila ya paa. Ni jengo zuri. Tatizo lake ni jirani. Wafaransa wa Napoleon waliondoka mwaka 1812 wakilipua minara. Kisha wakaja watu wa kalamu, akiwemo Mmarekani Washington Irving aliyelala humo mwaka 1829, na baada yao mafundi wa kutengeneza, wengine wakiongeza mambo ambayo hayakuwepo. Namheshimu zaidi Leopoldo Torres Balbás, aliyelisimamia kuanzia 1923 hadi 1936. Pale jasi ya kale ilipokuwa imepotea aliweka mpya isiyo na nakshi, ili kila mtu aone ni wapi fundi wa kale alipoishia. Mwaka 2003 msikiti mpya ulifunguliwa Albaicín, na kutoka bustani yake unaliona kasri lote mbele yako.

Niliporudi nilikwenda kwa ami. Nikamwambia kwamba nilimdanganya, kuta ni udongo na nakshi ni jasi. Akacheka. "Jasi? Na mvua je? Jasi haipendi maji." Nikamweleza habari za uso wa kasri la Comares, jinsi ulivyojaa nakshi kutoka juu hadi chini, na upenu mpana wa mbao zilizochongwa unaouchunga kwa juu. Hapo alinyamaza kidogo, akaunyoosha mkono wake mbele, kiganja chini.

"Upenu umetoka kiasi gani?" akauliza. "Nionyeshe."